Safu ya Nne

Mwanza hatuna theluji.
Tuna kipupwe cha Juni, upepo wa alfajiri
unaopanda kutoka ziwani na kuondoka mapema
kama mgeni mwenye adabu.
Baridi yetu halisi tumeinunua,
tukaijengea kuta nene kando ya maji, pale Igogo,
tukaitilia mlango mzito wenye mpira pembeni,
na mimi ndiye karani wake.

Kila saa najaza safu tatu: saa, joto, sahihi.
Kumi na nane chini ya sifuri. Nyanjige.
Kumi na nane chini ya sifuri. Nyanjige.
Miaka tisa sasa. Minofu ya sangara ikipanda nyuzi mbili
simu zinalia hadi kwa mkurugenzi.

Lugwisha alikuwa anaingia, anatoka, anaingia,
mara arobaini kwa zamu, toroli mbele yake,
jasho la jua la nje likimgandia kwenye nyusi.
Makoti sita, watu kumi na mmoja.
Lake alimwachia Masatu, kijana mgeni kutoka Ukara,
"huyu bado hajazoea,"
akabaki na sweta iliyotoboka kiwiko.

Mwezi Mei muuguzi alileta mashine ya presha.
Mia sabini na nane juu ya mia na kumi.
"Hiyo si presha," akasema Lugwisha, "hiyo ni namba ya kontena."
Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote,
kicheko changu kinasikika mpaka kwenye mizani.

Mkono wa kushoto, alisema, ameulalia vibaya.
Akaulalia vibaya Jumatatu. Akaulalia vibaya Jumanne.
Jumatano akaupaka dawa ya kuchua, tukanuka karafuu zamu nzima.
Alhamisi aliketi juu ya katoni,
yeye asiyeketi,
akanitazama kama mtu aliyesahau jina langu
na anaona haya kuuliza.

Niliandika. Mungu anisamehe, kalamu ilikuwa mkononi:
saa nne, kumi na nane chini ya sifuri, Nyanjige.
Ndipo nikapiga kelele.

Bugando walikaa naye siku kumi na tisa.
Huku meneja akaagiza tangazo la mlangoni,
"fupi, mtu alisome akiwa amebeba mzigo."
Nikakesha na daftari la hesabu la mwanangu:

    Moyo si wa kusukumwa, simama vuta pumzi,
    Koti si la kuazimwa, kila mtu na la kazi,
    Ukihisi umeumwa, usifiche kama mwizi,
    Samaki atangojea, moyo haungoji saa.

Meneja alisoma mara mbili.
"Mstari wa pili," akasema, "una gharama."
Sikumjibu. Makoti matano yalikuja Agosti,
ya kijivu, mikono mirefu, yananuka dukani.

Lugwisha siku hizi yuko getini, anahesabu malori.
Anakuja kwa miguu kutoka Mkuyuni, amri ya daktari,
na akifika hupumzika kwanza bila kuona haya.
Alilisoma tangazo kwa kidole, neno kwa neno.
"Umesahau chumvi," akasema.
"Na kichwa cha sangara kukaangwa mara ya tatu
kwenye mafuta yaleyale. Na sigara ya saa nane usiku.
Na kucheka."
"Kucheka nako?"
"Kule kucheka kwetu kwa mwezi Mei."

Ubeti haukuwa na nafasi.
Basi nikachukua rula, nikapiga mstari kwenye rejista,
safu ya nne. Haina kichwa bado,
mkaguzi akiuliza nitajua la kumwambia.

Saa tano. Kumi na nane chini ya sifuri. Nyanjige.
Masatu, dakika kumi na tano, ametoka.
Anaota jua ukutani, kikombe cha uji mkononi,
midomo imerudi rangi yake,
na amenikunjia uso
kwa sababu namhesabu.